Gramu Mia Tisa na Arobaini

Tulikuwa saba siku ile, Kamalondo,
na ngazi ya kuazima kwa fundi wa umeme.
Katibu wetu, Ngoie Musoka, alibana misumari kwa midomo,
kwa hiyo hotuba yake ikasomwa na mwingine, vibaya.
Kibao cha shaba, upana wa sahani ya bukari,
kikapigwa ukutani juu ya dirisha:
HAPA ALIKAA FIKIRI MUTONKOLE, KARANI WA RELI.
Na chini yake, mstari wake mmoja:
*Treni imekwenda, filimbi imebaki na mimi.*

Mpangaji akauliza kama kodi itapanda.

Tukacheka, tukanywa munkoyo katika vikombe vya plastiki.
Kalenga, baiskeli yake imemwegemea kama mtoto mwenye usingizi,
akasimulia tena jinsi karani alivyoandika
nyuma ya hati za mizigo:
upande huu tani za makaa,
upande ule mke aliyekwenda Kamina kuzika, asirudi.

Siku ya tisa, ukutani matundu manne.

Usiniulize nani.
Mji huu shaba ndiyo iliyouzaa,
na aliyeamka na njaa hasomi ukuta, anaupima.

Nikazunguka soko la Kenya, mizani hadi mizani,
katikati ya nyaya zilizochunwa, bomba, rejeta zilizopasuka.
Kwenye mizani ya tano nikaona herufi: R, E, L, I.
Kijana aitwaye Kabange,
pacha aliyebaki peke yake na jina la wawili,
akakiweka juu, akasubiri sindano itulie.
Gramu mia tisa na arobaini.
Akataja bei bila haya.
Nikahesabu pesa ya chai ya chama, miezi miwili,
nikiwaza karani, ambaye kwa neno lake
hakuwahi kupewa hata kipande cha sabuni.

"Ningekikunja juzi," Kabange akasema.
"Nyundo nilikuwa nayo. Kosa langu nilikisoma kwanza.
Sasa usiku, mabehewa ya madini yakipita,
nalala macho.
Mstari wa pili unasemaje?"

Mstari wa pili.
Mkaza mwana wake aliuza makaratasi yote
kwa muuza karanga, kwa kilo, kama wewe na shaba yako.
Ukurasa uliotufikia una duara la mafuta
palepale filimbi inapoishia.
Kuna watu Lubumbashi, pengine,
waliokula beti nzima na chumvi yake.

Sikumwambia hayo.
Nilisema: Jumamosi, saa tisa. Njoo na nyundo.

Alikuja. Nyundo, na misumari yake mwenyewe,
mirefu, ya kupinda kwa ndani.
"Ile yenu," akasema akipanda ngazi, bila kutuangalia,
"inang'oka kwa kijiko."