Mstari wa Saba

Mahiwa, mstari wa saba wa mikorosho,
jembe la Somoe liligonga bizimu la mkanda.
Akalipangusa kwa kanga. Halina jina.

Bibi wa mamaye alikuwa na kaka wawili:
Likapa alibeba bunduki ya Mdachi,
Chinguile masanduku ya Mwingereza.
Vita vilipovuka Ruvuma
wao hawakuvuka.

Mmoja akasema Likapa yuko Nyangao, kando ya mto.
Mwingine: walimtupa kisimani, wanane pamoja.
Wa tatu aliapa kumwona Newala,
mzima, akiuza chumvi.
Habari za Chinguile hakuleta mtu.

Unga wa tambiko hutaka kujua kichwa kimelala wapi.
Bibi, miaka yote, aliumwaga kizingitini:
"Atakayepita, na aurambe."

Somoe amechuchumaa, bizimu kiganjani.
La nani?
Huenda ni la aliyemlenga Likapa.
Huenda huyo naye ana dada,
na dada ana kizingiti.

Anafungua kifurushi cha unga wa uji,
anamimina palepale, kidogo,
na kidogo kando,
anainua mguu aende mstari wa nane,
anabaki nao juu,
hajui autue wapi.