Mwezi wa Nne

Barua imekuja na picha ya mwanamke asiyenijua,
meno yote nje, kompyuta mapajani.
"Mpendwa Bi Mwanakheri," wameanza,
nikajua hapo hapo: hawa wanataka kitu.

Pauni thelathini na moja imekuwa thelathini na sita.
Mwaka juzi ilikuwa ishirini na nne.
Waya ni ule ule,
unaingia kupitia tundu lile lile kando ya dirisha
alilotoboa fundi akaacha vumbi la tofali
juu ya msala wangu.
Kasi haijaongezeka. Kilichokimbia ni bei.

Mimi nilikuwa opereta, Posta ya Tanga,
miaka kumi na minne.
Nachomeka waya, Korogwe inaitika,
nachomeka mwingine, Mombasa inalia.
Mteja alilipia dakika tatu, nikamhesabia kwa saa ya ukutani,
na kama mtu bado analia
nilijifanya saa imesimama.
Basi msinieleze mimi habari za laini.

Jumamosi, Coventry, rasharasha tangu alfajiri.
Mjukuu wangu Ilham kachora jedwali nyuma ya bili ya gesi.
Kampuni ya zambarau: bei nafuu, mkataba miezi ishirini na minne.
"Ukiisha, Bibi, utakuwa na miaka sabini na tatu."
Ya manjano inatoa zawadi, baada ya siku tisini,
ukikumbuka kuidai. Wanaomba usahau.
Ya kijani haijafika kwetu, imeishia mtaa wa pili,
kule mbwa wanakovalishwa makoti.
Na zote, chini kabisa, kwa herufi za kichwa cha sisimizi:
kila mwezi wa nne bei itapanda.
Mwizi gani huyu, anakutajia na tarehe?

"Unaitumia kwa nini hasa, Bibi?"
Nikahesabu. Ijumaa, dada yangu Pangani,
uso wake ukiganda katikati ya kicheko.
Daktari, asiyepokea tena simu, anataka nijaze fomu.
Masomo yako wewe mwenyewe.
Na Doreen wa nyumba ya pili, ukuta mmoja,
niliyemwandikia nywila kwenye kopo la biskuti
kwa sababu picha za marehemu mumewe ziko huko hewani
na yeye hana ngazi ya kupandia.

Nikapiga simu. Muziki, dakika arobaini na moja.
Mimi ningemweka mtu hivyo, ningefukuzwa kazi.
Akaja kijana, Callum, sauti ya mafua.
Nikasema maneno aliyonifundisha Ilham:
nataka kuondoka.

Kimya. Vidole juu ya vitufe.
"Kwa kuwa umekuwa nasi miaka tisa,
naweza kukupa ishirini na sita."
Kumbe miaka tisa walikuwa wanaijua!
Miaka tisa nimelipa kwa adabu,
na hiyo adabu ndiyo niliyokuwa nikitozwa.
Mapenzi yao ni kwa aliyekwisha funga virago.

"Na wale wasiopiga?" nikamuuliza.
Akasita. Kisha akashusha sauti,
kama nilivyokuwa nikishusha yangu
nikimwongezea mtu dakika ya wizi:
"Mama yangu mwenyewe, nimemwambia apige."

Nikakubali ishirini na sita. Sikumshukuru kampuni,
nilimshukuru yeye.

Jioni nikagonga ukuta. Doreen akaja na bili ya televisheni,
imekunjwa mara nne kama hirizi.
Doreen huyu akigonga kiti hukiomba radhi.
Nikamkalisha, nikampa chai ya tangawizi,
nikajifanya mimi ndiye kampuni.
"Haya, sema."
"Samahani," akasema, "nataka kuondoka."
"Tena," nikamwambia.
"Bila samahani."