Jipu la Steinvör

Miaka kumi na tisa lililala zizini na kondoo,
jipu la Kirusi, kijani chake kimeliwa na kutu.
Panya walizalia ndani ya kiti cha dereva.

Steinvör kapiga jeki, kalala chali juu ya barafu,
sufuria ya marehemu mama ikikinga oili nzito kama lami.
Plagi nne kazisugua kwa mswaki.
Kabureta kaichemsha jikoni;
Bárður akala mkate wake nje.

Jumapili akapiga hendeli.
Kimya.
Akapiga tena. Likakohoa,
likatema nyasi kavu na manyoya,
likanguruma.

Akaingia, akashika usukani
pale ulipolika kwa viganja vya mama.
“Unakwenda wapi?” Bárður akauliza.
“Popote? Breki hazishiki.”
Wala hakuzima.