Gobore la Kicheba

Alilileta ndani ya mkeka, limeviringwa
kama maiti ya mtoto mchanga,
na kibali juu yake, kimekunjwa mara nne,
muhuri wa polisi umefifia kwa jasho.
"Fundi Kaniki, hili la babu.
Lilikuwa darini tangu mama hajaota meno."

Nikalifunua. Nikatamani kucheka, nikajizuia.
Mtutu una ndui, vishimo juu ya vishimo
kama ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa.
Mchwa wamekula bega la kitako.
Nyundo imeganda, kichwa chini,
kama mtu aliyesinzia hotuba ya Ijumaa.
Miaka ishirini na sita nilikuwa karakana ya reli;
chuma kilichochoka namna hii sikuwahi kukiona.

"Unataka lilie?"
"Nataka litazamike," akasema Bi Mwantumu.
"Kaka zangu wanataka wakaliuze chakavu, kwa kilo.
Nimepiga hesabu.
Haifiki bei ya sukari ya hitima."

Kwanza mdeki. Kazi ya gobore huanza na mdeki.
Nikaupima mtutu kwa nje, nikaupima kwa ndani:
vidole vinne havikutimia.
Nikapima tena.
"Ngoda," nikamwambia kijana wangu, "zima jiko.
Toka nje. Usikimbie, toka tu."

Babu alilishindilia,
halafu hakulifyatua.

Siku tatu likalala majini, uani,
jirani wakidhani naloweka mihogo.
Siku ya nne likatapika:
goroli ya risasi, kiasi cha kokwa ya zambarau;
kisha kitambaa, pande la kanga;
kisha tope la baruti, jeusi, lenye harufu ya yai viza.
Kitambaa nilikikunjua kwa ncha ya sindano.
Herufi nne zimepona:
NISA

Nisamehe? Nisahau? Nisaidie?
Kanga ya nani, na aliirarua kwa kisu au kwa meno,
na mwenyewe alikuwa ameivaa?

Nikarudi kazini. Kazi haiulizi.
Kutu la juu tulilitoa kwa singa za mkonge,
jivu na mafuta ya taa, mpaka kucha zikawa za mkaa.
Ngoda akashika tupa: "Tusawazishe, fundi, ling'ae."
Nikamdaka mkono.
Ukilifukuza shimo, unakifukuza chuma.
Siku makovu yatakapokwisha
utabaki umeshika ganda la yai.

Halafu nikaupaka mtutu maji ya chumvi
nikauacha nje, ulale na upepo wa Tanga,
ambao kwa kazi hiyo haujawahi kudai mshahara.
Asubuhi kutu jipya, jekundu kama vumbi la Muheza.
Tukauchemsha kwenye pipa la kukata:
wekundu ukageuka weusi.
Tukasugua. Tukapaka. Tukachemsha.
Mara tisa.
"Kwa hiyo tunalitibu kutu kwa kutu?" Ngoda akauliza.
"Chochea moto," nikamjibu,
maana jibu jingine sikuwa nalo.

Kitako nilikiunga kwa kipande cha mvule,
mguu wa kitanda kilichovunjika, usimwambie mtu.
Juu yake sandarusi, niliyoipata kwa muuza ubani
wa Barabara ya Nane, aliyeniuliza naoa lini tena.

Bi Mwantumu akaja Jumanne.
Akapitisha kidole juu ya mtutu, taratibu,
kama asomaye bila macho.
"Mashimo hukuyaondoa."
"Sikuweza."
"Afadhali."

Nikampa goroli ndani ya kibiriti.
Akaitikisa, ikagonga.
"Alimkusudia nani?"
"Ningejua hilo, bei ingekuwa nyingine."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akafunga mkeka kwa kamba ya katani, mafundo mawili,
akaliwahi basi la Muheza la saa tisa.

Kitambaa sikumpa.
Kimo ndani ya kopo la skrubu.
Kila nikitafuta skrubu ndogo nakutana nacho,
nakisoma, nalimalizia lile neno,
na kesho yake nalimalizia vingine.