Dakika Tatu za Shukrani

Mwaka huu tumehitimu wawili, mimi na Otia.
Picha ya darasa imebaki na nafasi tele;
mpiga picha ameijaza kwa mlima.

Nimepewa dakika tatu.
Naanza na jiko la chuma, lililotufunza kukaa karibu:
kila asubuhi ya theluji, kila mtoto na gogo lake,
na aliyesahau hakufukuzwa,
alikalishwa mbele kabisa
aote moto wa wenzake, na aibu yake.
Nilisahau mara nne. Sikudhani kuna aliyehesabu.

Bekmurza, ulifukua barabara kwa trekta lisilo na mlango
ili kitabu kimoja cha fizikia kitufikie.
Kilifika kimelowa, kurasa zimegandana.
Tulizibandua moja moja jikoni kwa Tsiuri, juu ya mvuke wa sufuria,
na hadi leo nikisoma habari za mvutano
nanusa maharage.

Baba yuko Poland, anapakia malori.
Hajapata kuiona shule hii tangu ipakwe rangi,
lakini viatu hivi ninavyosimamia ni mgongo wake.

Otia anabaki na ng'ombe. Mimi naondoka Septemba.
Kengele itawalilia watoto watano.

Mwalimu Nanuli, asante ni neno jepesi,
halijazi hata kiganja.
Basi nimekuletea magogo manne.
Yako pale mlangoni, makavu.

Anayatazama. Anafuta miwani kwa ncha ya kitambaa.
"Yalikuwa matano," anasema.