Mtungi wa Tatu

Mama Kavugho ananiuliza kupitia uzio:
"Sikuli, jua la Katindo limekukosea nini,
hata ufuge majani chini ya taa?"

Jua halijanikosea. Ni vumbi la mlima,
linatua juu ya jani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mmea huu hautaki udongo ulioshiba.
Nimeupa mawe meusi, nimeyaponda kwa nyundo,
yale yale yaliyoingia jikoni kwetu mwaka ule
bila hodi, yakameza sufuria na mlango.
Sasa yanashika mizizi.
Sisemi yametubu.

Ncha ya jani hushusha uzi,
uzi huvimba, ukawa kidole, kidole kikawa mtungi
wenye kifuniko, wenye mdomo mwekundu,
na ndani mna maji ambayo sikuyatia mimi.

Wa kwanza ulinyauka umeme ulipokatika siku tisa.
Wa pili niliupasua mwenyewe
kwa pupa ya kuchungulia.
Wa tatu umefunguka leo, saa moja jioni,
na saa moja na robo, giza.

Mtaa mzima ukaguna kwa sauti moja.
Nikawasha simu, nikaishika juu yake
kama anayemmulikia mkunga.
Chaji asilimia kumi na moja.
Nani atanipigia usiku huu?

Hodi. Mama Kavugho, kiberiti mkononi.
Nikadhani ameleta moto.
Akakifungua: mende, mzima, mguu mmoja hana.
"Huyo mtoto wako," akasema, "ameshakula?"