Mistari, si Nukta

Jumanne, banda la nyuma ya zahanati,
wanaume sita na kopo moja la biskuti.
Hatutazamani. Tunatazama mbao.
Ndivyo tunavyojua kukaa pamoja:
bega kwa bega, kama ng'ombe mvuani.

Anayetufundisha ni Dwayne, miaka ishirini na sita.
Kazi hii aliipata gerezani
kwa mfungwa mmoja aliyezeeka mle ndani.
Mimi nina sitini na moja. Namwita mwalimu,
naye ananiita mjomba, na hakuna anayecheka.

Alinipa waya. Nikaujua.
Seng'enge ileile niliyoivuta miaka thelathini
kwenye mashamba ya kondoo ya watu wengine,
maili baada ya maili, nikiizingira
nchi ya bibi yangu kwa ujira wa Ijumaa.
"Utie motoni," akasema, "mpaka uive. Kisha andika."
Niandike nini? Shule niliiacha darasa la nne.
"Andika mto."

Mto wetu ni Baaka. Ramani zinauita kwa jina la gavana.
Mwaka ule ulikauka,
samaki wakubwa wakalala ubavu juu ya tope
na sisi tukasimama ukingoni, mikono mifukoni.
Mwaka huohuo mdogo wangu naye.

Jina lake silitaji. Kwetu jina la aliyekwenda hupumzishwa,
haliitwi ovyo, lisije likageuka nyuma.
Lakini mimi nilipumzisha na yote mengine:
kicheko chake, buti zake, deni la dola arobaini,
simu ile ya usiku ambayo sikuipokea.

Waya ukagusa mbao. Moshi.
Harufu ya mkaratusi mwekundu, mti wa ukingoni
tulikokuwa tukiruka majini, yeye kwanza, daima yeye kwanza.
Mstari wa kwanza ulipinda kama mlevi.
Wa pili ukauegemea wa kwanza.
Wa tatu, mkono ukaacha kutetemeka,
au mimi nikaacha kuuangalia.

Nesi Lorraine huja saa nne na mashine yake ya presha.
Mlango wa zahanati uko hatua ishirini kutoka hapa;
hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuufungua kwa hiari yake.
Ila hapa tunamnyoshea mkono wa kushoto,
wa kulia ukiendelea na kazi.
"Mia na sitini," ananiambia. "Imeshuka kidogo.
Endelea na huo mto."

Juzi alipita mtalii, kofia mpya, akauliza nukta ziko wapi.
Cecil, asiyesema neno tangu Pasaka, akainua kichwa:
"Nukta ni za wenzetu wa jangwani, nao wana sababu zao.
Sisi ni watu wa mistari."
Akairudia ngao yake.
Kimya. Kisha banda zima likaangua kicheko
mpaka biskuti zikamwagika.

Sitasema nimepona. Kidonda si mlango,
hakifungwi kwa kubamiza.
Usiku bado simu hulia, na hakuna simu.
Lakini jana nimemaliza bakuli la mbao,
mistari mia mbili na kumi na mitatu, nimeihesabu,
na katikati nimeacha mahali pasipoungua,
upana wa kidole gumba.

Dwayne alipagusa. Hakuuliza.
Akabeba kiti chake
akakiweka karibu na changu,
akatia waya wake motoni.